Waliorudi Uani kwa Bi Sitara

Kila siku ikikaribia magharibi, Victoria muuza mapazia hufunika bidhaa zake kwa nailoni, kwa sababu popo wanakuja. Duka lake liko ghorofa ya kwanza ya jengo jipya Kariakoo, upande wa kuelekea Mnazi Mmoja. Popo hupenya ukutani, hujining'iniza hewani pasipo tawi wala waya, wakala kungu, matunda ya mkungu, na kuangusha kokwa. Mteja akipigwa kokwa kichwani, Victoria humpa pole, kisha wanaendelea kuvutana bei.

Chini, pembeni mwa ngazi, Bi Sitara anauza ubani na karafuu kwenye meza ndogo. Yeye hana haja ya kuinua kichwa. Anajua matawi yalikuwa yakifika wapi, maana mti wa mkungu uliokuwa hapa aliupanda mwenyewe, na jengo hili limekaa juu ya ua wake.

Palikuwa na nyumba ya Kiswahili hapa, vyumba sita na korido, iliyojengwa kwa vitumbua vya mke na cherehani ya mume. Mumewe Kitwana alipofariki, Bi Sitara akakaa eda. Siku moja, akiwa ndani amejistiri, akasikia wanaume uani wakivuta futi, na sauti ya shemeji yake Idrisa ikiwaelekeza. Alidhani wanapima shimo la karo la maji machafu. Na hata angedhani jingine, mjane wa watu atatokaje mbele ya wanaume wageni, eda haijaisha? Akabaki ndani. Alipotoka eda akakuta nyumba imeuzwa, na vijana wamesimama mlangoni kwa adabu zote kumsaidia kubeba kitanda. Idrisa huyo, siku za eda alizijua kuliko mjane mwenyewe.

Mkungu ukakatwa, kisiki kikafukiwa kwa zege, ghorofa zikapanda.

Ulianza ukoga. Vigae vilisuguliwa asubuhi, jioni vikawa kijani tena, na kwenye ule unyevu wakaja jongoo. Kisha majani mekundu ya mkungu yakaanza kuanguka kutoka darini. Yakaoza, yakawa udongo kwenye pembe za ngazi. Udongo ukaleta mchwa, mchwa wakaleta mijusi. Popo walifuata kungu, panya wakafuata kokwa, paka wakafuata panya. Kunguru nao walikuja, maana kunguru wa Dar hawangoji mwaliko. Kila mmoja alifuata riziki yake, hakuna aliyekuja kutembea. Wenye maduka waliuliza tu kama popo watalipiwa ushuru, wakaambiwa bado.

Kitwana yeye aliletwa na kivuli. Kilipokolea pale chini ya ngazi, kizito na cha baridi, bila mti wa kukitoa, jioni moja marehemu akaja akaketi humo na kikombe chake cha kahawa, kama alivyozoea enzi za uhai wake. Bi Sitara akamsalimia. Mtu huyu, Bi Sitara alikuwa amemlilia, na alikuwa amemkasirikia pia, kwa kuondoka bila kuacha neno la nyumba mbele ya watu. Basi neno hilo ndilo alilolitaka sasa, na hakutaka lingine.

Akamwita Idrisa. Akamwita Aristides, msimamizi wa jengo, na Mzee Ismail, mjumbe wa mtaa. Wote walikuja, wakampa marehemu mkono.

"Kitwana," Bi Sitara akasema, "nyumba hii ni ya nani?"

Kitwana akameza funda la kahawa kwanza. "Ya Sitara. Kuta alisimamisha yeye. Mimi niliezeka tu."

"Umesikia, Idrisa?"

"Nimesikia, shemeji. Ni kweli kabisa. Kaka hakuwa mtu wa uongo."

Mzee Ismail naye akakiri kwamba ushahidi umetimia. Akaeleza kwa upole kwamba tatizo ni moja, ushahidi huu ni wa nyumba ya vyumba sita, na hapa pana ghorofa. Aristides akaongeza kuwa mwenye jengo hana ugomvi na marehemu, akae atakavyo. Wakaagana vizuri. Idrisa akanunua na ubani kabisa, wa hitima ya kaka yake.

Wakati wa kufunga ukafika, na Zakayo mlinzi akapita akiwatoa watu. Popo hakuwagusa. Paka akawaruka. Akamtakia Kitwana usiku mwema. Alipofika kwa Bi Sitara akasimama.

"Mama, tunafunga. Wapangaji wote nje."

Bi Sitara akakunja meza. Kitwana alikuwa amejisogeza kumpisha nafasi kivulini, kwa mazoea ya mume na mke, na yeye alitamani kukaa pale. Lakini geti ni geti, na chumba alichopanga kiko mbali, Chanika huko. Akamuaga mumewe, akatoka. Zakayo akavuta geti, akatia kufuli kwa ndani.

Bi Sitara, akiwa bado kibarazani anafunga mtandio wake, alimsikia Kitwana akimuuliza mlinzi mkewe ameenda wapi magharibi hii.

Zakayo, kijana mwenye heshima zake, akamjibu kwamba mama ameenda kwake.