Chumba cha Watoto Kiko Njiani

Mwashi alikuwa ameshatoa safu tatu za matofali kwenye ukuta wa sebule yake mpya, na patasi ilikuwa imeanza kuingia kwenye ya nne, binti yake mkubwa alipogonga kutoka upande wa pili.

"Baba, bado sana?"

"Bado kidogo. Sogeeni nyuma, vumbi litawaingia machoni."

"Tumeshasogea. Kokoto amebanwa na mkojo."

"Mwambie ajikaze."

"Anajikaza tangu kwa mama."

Mwashi akaongeza kasi.

Chumba cha watoto kilifika asubuhi hiyo kikitokea nyumbani kwa mama yao, mwisho mwingine wa mtaa. Kilikuja kizima, na vitanda vyake viwili, kabati, taa ya darini, paa lake la bati, na wasichana wawili waliokuwa bado wanatafuta soksi. Kilitembea polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Kwenye kona kilimpisha muuza maziwa na baiskeli yake, kikavuka, kikajiegemeza kwenye ukuta wa sebule ya Mwashi na kutulia. Shida ilikuwa moja tu. Mlango wake uliangalia ukuta mtupu, na dirishani kulikuwa na nondo ambazo Mwashi mwenyewe alizipanga, enzi za mapenzi, kwa nafasi ambayo hata paka hapiti.

Majirani walitazama kidogo, wakaenda kazini. Mwenye nyumba alipita na kuuliza kama tundu hilo litapigwa plasta vizuri. Aliambiwa litapigwa. Akasema basi, hamna neno.

Fundi Umeme alifika wakati tofali la mwisho linatoka. Alikuwa mama wa watoto na bado ni mke wa Mwashi, maana talaka ilikuwa haijaandikwa popote. Begani alikuwa na roli ya waya.

"Hodi humu."

"Karibu. Angalia usikanyage udongo."

"Wamekunywa chai?"

"Wanyweje na wamo ndani ya ukuta? Ndiyo nawafungulia."

"Kwangu wameniachia tundu la kupita lori. Upepo unaingia na kutoka kama mpangaji."

Kokoto alitoka mbio, akapita katikati yao bila salamu, akaelekea chooni. Meneja, yule mkubwa, alitoka taratibu, mkono mmoja umeshika tumbo. Chumba kikitembea kilimchafua roho, kama basi la safari ndefu. Alisalimu wakubwa, akaketi juu ya mfuko wa saruji mpaka rangi ikamrudia usoni.

Meneja alikuwa wa darasa la tano. Jina hilo alipewa kwa sababu ndiye aliyejua funguo ziko wapi, nani amemaliza sukari, na siku gani ni ya kufua. Mdogo wake walimwita Kokoto kwa kuwa alikuwa mdogo, mgumu, na ukimkanyaga unaumia wewe.

Wazazi walifanya kazi bega kwa bega. Mwashi alisimamisha fremu, Fundi Umeme akaunga waya. Saruji ilipokuwa tayari, Mwashi aliacha mwiko hewani akamsubiri mwenzake ajaribu taa kwanza. Taa ikawaka. Ndipo akapiga plasta. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika ndoa yao yote.

Plasta ndiyo hasa iliyowaachanisha. Walikutana kwenye jengo lililokuwa linajengwa, wakapendana, na tangu mwaka wa kwanza Mwashi alikuwa anaziba ukuta kabla mkewe hajajaribu nyaya. Naye mkewe alikuwa anaubomoa. Mwashi hakuwa mlevi wala mtu wa ngumi. Alikuwa mwepesi wa kuziba tu. "Wewe husikii, unaziba," mkewe alimwambia siku moja mezani, kwa sauti ya kawaida. Mwashi alilifikiria jambo hilo wiki nzima, akaona ni kweli. Wakakubaliana kuachana, na walikubaliana vizuri kuliko walivyowahi kukubaliana juu ya chochote.

Kama wasingekuwa na watoto, wangemaliza mapema. Lakini mwenye watoto wadogo hapeleki mahakamani talaka tupu kama anayepeleka saa kwa fundi. Anaeleza watoto watakaa na nani, watalishwa na nani, watasomeshwa na nani, na yule mwingine atawaona lini. Siku hiyohiyo wakafunga milango, wakawachukua wasichana, wakaenda masijala ya mahakama.

Karani wa masijala alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizipitia karatasi zao kwa kidole.

"Majina sawa. Sababu ya kuachana... 'Plasta.' Sawa. Makazi ya watoto hamjajaza."

"Kuna nafasi moja tu hapo," alisema Fundi Umeme, "na chumba chao kinatembea."

"Kinatembea siku gani?"

"Siku kinapotaka."

"Wengi wanasema hivyo," karani alisema. "Juzi kulikuwa na mmoja ngazi yake ndiyo ilikuwa inahama. Jaza pale kilipolala jana."

"Jana kililala kwangu, leo kiko kwake."

"Basi jaza kwako. Karatasi inapenda jana."

Meneja alisogea mpaka kidevu kikafika kwenye meza. "Shikamoo. Mimi naomba kuuliza, na sisi tunajaza wapi?"

"Marahaba, mrembo. Ninyi mmeshajazwa. Mko hapa, namba moja na namba mbili." Karani akamwonyesha, akamgongea muhuri mmoja wa bure nyuma ya kiganja, akamgongea na Kokoto. Kokoto hakuosha mkono huo siku nyingi.

Usiku Meneja alimweleza mdogo wake mpango. Alikuwa ameufikiria kwa makini na ulikuwa mfupi. Chumba kitulie mahali pamoja, popote pale. Wao wakae humo. Baba na mama ndio wawe wanakuja kwa zamu, leo huyu, kesho yule.

"Watakubali?" Kokoto aliuliza.

"Kwa nini wasikubali? Wao ndio wana miguu mirefu."

"Waambie sasa."

"Watu wazima wanataka uwaambie kwenye kikao."

Vikao havikukosekana. Wazazi walikutana kila mara kupanga mambo ya watoto: shule, viatu, zamu za Jumapili, nani atawapeleka kunyolewa na nani atawapeleka kliniki. Walikutana barazani kwa Fundi Umeme au kwenye viti vya plastiki vya Mwashi, wakapanga kwa heshima na utani mwingi, na wasichana waliambiwa wakacheze. Siku walizokaa kikao, chumba kiliondoka. Siku wasizokaa, kilitulia. Fundi cherehani wa jirani aliliona hilo mapema, maana kiti chake kilitazama barabara. Aliwaambia wateja wake, nao wakasema ni kweli, wakaendelea kupimwa suruali.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja siku ambayo chumba kilikuwa katikati ya barabara. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mwavuli na viatu vizuri. Alisoma karatasi yake, akatazama nyumba ya mama, akatazama nyumba ya baba, akaanza kutembea sambamba na chumba. Mwashi alikuwa kulia kwake, Fundi Umeme kushoto.

"Mwanga unaingia wa kutosha?"

"Wa kutosha sana," alisema Fundi Umeme. "Na unaingia pande zote, kutegemea kiko wapi."

"Chandarua?"

"Viwili."

"Umbali mpaka shule?"

"Leo ni karibu," Mwashi alisema. "Tukifika kwangu patakuwa mbali."

Afisa aliandika huku akitembea, herufi zikipanda na kushuka. Meneja alishika nondo za dirisha. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Dada Afisa, mimi nina jambo la kusema."

"Nakuja kwako, mdogo wangu. Ngoja nimalize mwanga."

Alimaliza mwanga, akaingia kwenye maji, akatoka kwenye maji akaingia kwenye choo. Walipofika ukuta wa Mwashi, chumba kilijipanga vizuri mlango kwa mlango, na afisa alisifu kazi ya fundi. Kisha akatazama saa. Alikuwa na nyumba nyingine ya kukagua, ambako baba na mama waligombania bibi. Alimpungia Meneja na kuandika: *Watoto ni wachangamfu. Wanapenda kuangalia nje.*

Siku ya shauri, chumba kilikwenda mahakamani. Usiku wa kuamkia siku hiyo wazazi walikuwa wamekaa kikao kirefu cha mambo ya kumwambia hakimu. Kilifika saa za kufunguliwa, kikasimama kwenye maegesho ya mawakili. Mlinzi aligonga mlango, akaomba kisogezwe kidogo, gari la hakimu lisikwaruzwe. Kokoto alimjibu kwamba hawajui kinakoshikwa. Mlinzi akasema haya, akalielekeza gari la hakimu kwingine.

Hakimu alikuwa mzee mpole aliyesikiliza macho yakiwa yamefumba. Aliuliza kama wanaachana kwa hiari. Walisema ndiyo. Aliuliza kama wanagombana. Walisema wakati wa plasta tu, na siku hizi si sana.

"Watoto wako wapi?"

"Wako nje, mheshimiwa, chumbani kwao."

"Wazima?"

"Wazima."

"Maoni yao yamo?"

Karani alifunua jalada. "Yamo, mheshimiwa. Ni wachangamfu. Wanapenda kuangalia nje."

"Vizuri," hakimu alisema. Akatoa talaka. Malezi yakaenda kwa mama, baba akapewa mwisho wa wiki na nusu ya likizo, matunzo yakagawanywa sawa kwa sawa kama walivyoomba wenyewe. Chumba kikaamriwa kikae kwa mama siku za shule. Watalaka hao wakapeana mikono, wakanunua karanga mlangoni, wakagawana na mlinzi.

Chumba hakikufuata amri. Jumatatu kilikuwa kwa baba, Jumamosi kwa mama, Jumatano kilikuwa sokoni kwa sababu wazazi walikuwa wamesimama hapo wakipanga sare za shule. Masijala ilituma wito, ukabandikwa mlangoni. Chumba hakikwenda. Karani aliandika kwamba mjibu maombi, yaani chumba, ana mlango lakini hana mkono wa kusaini, jalada likarudi kabatini.

Wazazi hawakulalamika. Walikuwa mafundi, na fundi akiona kitu kinatembea hutengeneza kinapopita. Vikombe vilikuwa vinavunjika, Meneja alikuwa anatapika kwenye ndoo, na barabara ilikuwa na mashimo. Wakaamua kumwaga njia ya zege, laini, kutoka ukuta wa mama mpaka ukuta wa baba, na bomba la waya pembeni ili taa isizimike safarini. Waliianza siku hiyohiyo. Baada ya kazi za watu, jua likiwa limepungua ukali, Mwashi alikuwa anachanganya na Fundi Umeme anafukia bomba, na mtaa mzima ulisikia wakichekana.

"Hilo shimo lako limepinda kama mjomba wako."

"Mjomba wangu alipinda kwa kukubebea matofali."

Njia ilipofika karibu na cherehani, Meneja alikuja na kusimama mbele yao. Alikuwa amevua sare na kuchana nywele. Kokoto alikuwa nyuma yake, kama shahidi.

"Baba, mama, nina jambo."

"Sema, mama yangu, nakusikiliza," Mwashi alisema, akivuta ubao juu ya zege bichi.

"Hatutaki chumba kitembee. Tunataka kitulie. Mtembee ninyi."

"Kitatulia sana," Mwashi alisema kwa furaha. "Zege hili likikauka, utaweka glasi ya maji juu ya kabati na haitamwagika hata tone."

"Siyo hivyo, baba."

"Na taa itawaka njia nzima," alisema Fundi Umeme. "Utasoma humo humo ukitembea. Hebu nishikie bomba hapo, mwanangu. Hapo hapo. Asante."

Meneja alishika bomba. Lilipofukiwa aliliachia, akafuta mikono kwenye gauni.

"Wiki ya mitihani walale wapi?" Fundi Umeme alimuuliza Mwashi.

"Hilo nalo la kupangwa. Hebu tukae."

Wakageuza ndoo mbili, wakakalia, wakaanza kupanga. Nyuma yao bati lilitoa mlio. Meneja alikuwa amezoea mlio huo. Alimshika Kokoto mkono wakakimbia, wakaruka kizingiti mlango ukiwa tayari unatembea.

Chumba kilikwepa zege bichi kwa uangalifu, kikapita kwenye mashimo ya zamani kikiyumba. Fundi cherehani alivuta kiti chake ndani. Dirishani Meneja alisimama, mkono mmoja kwenye nondo, mwingine ameuinua juu umenyooka, kama mwanafunzi anayengoja kutajwa.

"Ona anavyotuaga," Mwashi alisema.

Wote wawili walimpungia mpaka chumba kikakata kona. Kisha wakafunika zege kwa magunia wakayamwagia maji, wakaosha makoleo. Kilichobaki ni kipande cha kutoka kwenye cherehani mpaka kwa baba. Wakakubaliana watakianza kesho.