Vifo Arobaini na Moja vya Mzee Pellow

Mwaka ule walipofungua uchumi, mimi nilijikuta nje ya mlango. Nilikuwa mpima pamba wa ushirika. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, wakanikuta nimekalia gunia. Gunia wakalichukua, mimi wakaniacha. Kwa hiyo Wazungu wa filamu walipotokea Bariadi wakitafuta mtu mwenye Kiingereza, nikasema ninacho. Nilikuwa nacho cha kutosha kuombea kazi.

Nikakabidhiwa mzee mmoja Mwingereza, mwigizaji, Desmond Pellow. Magari ya wenzake yalikwama porini yakingoja vipuri, yeye akaachwa gesti, nami nimtunze asipotee. Sura niliijua. Kwenye banda la video la Novatus tulishamwona mara nyingi, na kila mara anauawa.

"Mzee, huna hata filamu moja uliyobaki hai?"

"Sina," akasema. Alianza jukwaani, London, akibeba mshumaa nyuma ya mfalme. Usiku mmoja akachomwa upanga wa bandia, akaanguka vizuri mno, na huo ukawa mwisho wake. Tangu hapo kazi yake ni kufa. Kanyongwa, kanyweshwa sumu, kaangushwa na farasi. Mara arobaini na moja.

"Na katika filamu hii ya huku, unauawa na nini?"

"Simba. Dakika ya tisa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua kinachoniuma? Nikishakufa, wanaendelea. Wananiruka. Hata marehemu mama yangu, nikifa tu jukwaani alikuwa akibeba mkoba wake kwenda kuwahi basi. Nataka nife mara moja, kila kitu kisimame."

Sasa, Jumamosi ile kijijini Ngulyati kulikuwa na mashindano ya ngoma za Kisukuma, Wagika dhidi ya Wagalu. Kwetu hakuna jaji wa kalamu. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanatembea wanakotaka. Penye umati mkubwa jua likizama ndipo penye mshindi. Ngeleja, manju anayewaimbisha Wagika, aliyemwoa dada yangu, akanijia asubuhi.

"Shemeji, niazime Mzungu wako."

"Afanye nini?"

"Asimame tu. Awe mweupe."

Weupe ulifanya kazi dakika tano. Kisha Bujiku, manju wa Wagalu, akatoa chatu kwenye kapu, akajivika shingoni, na uwanja wote ukahama. Tukabaki sisi, wapiga ngoma, na bibi Nyamizi, ambaye magoti yake hayakumruhusu kutusaliti.

Mzee Pellow akautazama ule umati uliompa mgongo. Akanipa kofia yake. "Shika."

Akasahau alichotaka kusema. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Goti moja, la pili, halafu vumbi. Mguu ukatikisika kidogo, ukaacha.

"Mayu weee!" Nyamizi akapiga ukunga. "Mgeni wa watu kafa!"

Ngoma zetu zikanyamaza. Nani apige ngoma juu ya maiti? Za Wagalu nazo zikanyamaza. Watu wakaja mbio, wanawake wamejifunga khanga viunoni tayari kwa kilio, na Bujiku nyuma yao na chatu shingoni. Mmoja alikwishauliza kama Wazungu wanazikwa na viatu. Mimi nilikuwa natunga la kuwaambia wenye filamu.

Mzee akainuka, akainama kwa heshima. Nusura tumuue sisi.

"Tumeshinda!" Ngeleja akaruka. "Tazameni watu!"

"Ushindi gani, we mchawi?" Bujiku akafoka. "Hawa wamekuja msibani! Aliyekuja kulia ni mtazamaji?"

Fimbo zikaanza kupanda juu. Mayala, mzee msimamizi wa ngoma, akaingia katikati.

"Nyamazeni. Afe tena."

"Baba?" manju wote wawili wakauliza.

"Afe tena. Rudini pande zenu, pigeni ngoma. Sasa kila mtu anajua ni uongo. Atakayekuja, kaja kutazama."

Nikamtafsiria. Mzee Pellow akanishika bega. "Wanataka nirudie?" Macho yakamjaa maji. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba hivyo.

Ngoma zikaanza, Wagalu wakipiga kama wanafukuza nzige. Nikapokea kofia tena. Safari hii alikufa kwa ubahili, anatoa kidogo kidogo, kama asiyetaka kuondoka. Watu wakaanza kuja, wanatembea, hakuna anayekimbia. Alipopiga goti la pili, mpiga ngoma wetu mwenyewe akasahau mikono hewani. Ng'ambo, ngoma zikakatika moja moja. Bujiku akaimba peke yake mistari miwili, akanyoosha shingo aone, akashindwa, akaja.

Kimya. Nyamizi, aliyeapa hatadanganywa mara ya pili, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Usiinuke kwanza, mzee, jua halijazama," nikamnong'oneza.

"Siinuki ng'o," akasema marehemu.