Bibi wa Kofia Ndefu

“Jirani, huyo bibi wa kofia ndefu anayekuchekea kwenye simu ni nani?”

Swali hilo aliliuliza msusi, ambaye banda lake liko ukuta kwa ukuta na chumba cha cherehani. Alikuwa amekuja kubadilishiwa zipu ya gauni, akasimama nyuma ya fundi akingoja uzi ukatwe. Mezani, kati ya mkasi na kopo la pini, simu ilikuwa wazi. Mawe ya rangi yamejipanga safu safu, na pembeni yake kikongwe wa pua iliyopinda anakonyeza.

“Huyo?” fundi akajibu bila kuinua uso. “Bibi wa sokoni. Anauza vito.”

Msusi alicheka mpaka akashika ukuta. “Soko gani hilo wanakochemsha chungu chenye moshi wa kijani? Na hiyo fimbo inayotoa cheche ni ya kufukuzia nzi? Mwenzangu, huyo ni mchawi! Wa katuni, lakini mchawi. Hata jina lake si hilo hapo juu?”

Jina lilikuwa la kigeni. Fundi alisoma mpaka darasa la saba, na kilichoandikwa kwa lugha yake hakikumshinda. Maandiko ameyamaliza mara nne. Cha lugha nyingine alikiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Ghafla kicheko cha msusi kikakatika. Wote wawili walikuwa wamemkumbuka mtu mmoja. Msusi akachukua gauni lake, akalikunja, na kwa upole uliochoma kuliko tusi akasema, “Zipu imekaa vizuri. Asante, Mama Tochi.”

Jina la Mama Tochi alipewa na akina mama wa kanisa, kwa heshima na kwa utani pia. Tangu mumewe afariki, miaka sita sasa, yeye ndiye aliyewaongoza, na macho yake hayakupitwa na kitu: nani kakwepa zamu ya kufua vitambaa vya meza ya Bwana, nani kanuna, nani anasinzia kwenye maombi na kusema amezama katika Roho. Penye giza alimulika. Ila tochi haimmuliki aliyeishika.

Miezi minane kabla ya swali lile, alikwenda kwa msusi kupeleka mapazia. Akamkuta binti wa msusi, mwalimu wa watoto wa Jumapili, ameketi mkekani na padi ya gemu mikononi. Kwenye runinga msichana wa joho la buluu aliinua fimbo, moto ukatoka, na mifupa iliyolala chini ikainuka ikatembea.

“Mwanangu, ni nini hiki?”

“Shikamoo, mama. Gemu tu. Huyu wa joho ndiye mimi. Mchawi ni yule wa mnarani, ndiye anayeinua mifupa. Kazi yetu ni kumwangusha.”

Katika maneno yote hayo fundi aliondoka na moja tu: mchawi. Alilibeba mpaka Alhamisi, akalifungua mbele ya akina mama wote, na kwa kuwa alisema akilia, hakuna aliyeuliza zaidi.

Akina mama wale walikuwa na desturi yao. Aliyekosa hukaa benchi la mlangoni. Haimbi na wenzake, hashiki kazi, mpaka wenyewe wamwite aje mbele. Wapo waliokaa wiki mbili. Binti wa msusi alikaa miezi minane. Kila Alhamisi alikuja, akaketi, akasikiliza nyimbo, akaenda zake. Ufunguo wa kabati la watoto, lenye kalamu za rangi na picha walizochora, aliuchukua Mama Tochi akaufunga kwenye futi yake ya kupimia, ile inayoning'inia shingoni kutwa. Darasa nalo akalichukua. Watoto walipouliza mwalimu wao yuko wapi, aliwajibu.

Sasa, baada ya msusi kuondoka, aliitazama simu kama anayetazama nyoka aliyelala naye kitanda kimoja.

Ule mchezo aliwekewa na binti yake aliyeolewa mbali. “Mama, panga haya mawe matatu matatu, yatakutuliza.” Nayo yalimtuliza kweli. Alicheza akisubiri wateja, alicheza wali ukiiva, alicheza kabla ya sala na, Mungu amrehemu, mara moja moja akiisahau sala yenyewe. Alikuwa hatua ya mia nne na kumi na mbili. Akikwama aligusa fimbo, mawe yakalipuka, naye alizoea kusema kwa sauti, “Asante, bibi.” Tena zipo siku alipiga goti akaomba, “Bwana, nivushe hatua hii.” Kumwomba Mungu wa mbinguni amsaidie kukichangamsha chungu cha mchawi! Masikio yakamwaka moto humo chumbani, peke yake.

Akaigandamiza ile picha kwa kidole ili aifute. Likatokea swali la kigeni lenye majibu mawili, asijue lipi ni ndiyo. Akaifunika simu chini ya kitambaa. Angeweza kunyamaza. Msusi hakuwa mtu wa maneno. Lakini binti wa msusi alikuwa bado benchini.

Kesho yake alimkuta mchungaji nyuma ya kanisa, anagongomea miguu ya viti. Akamweleza yote, hata lile la kupiga goti. Mchungaji aliuma misumari midomoni ili asicheke, kisha akaitoa.

“Mama, wapo waumini wema wasiotaka hata picha ya mchawi nyumbani. Neno limekataza uchawi, wao hawataki kuukaribia. Nawaheshimu. Wapo wengine, nao wema, wanasema hadithi si kafara, na aliyepigana na mchawi kwenye gemu hajapiga ramli.”

“Na wewe, baba mchungaji?”

“Mimi namwangalia mtu anaponyanyuka pale. Amenyanyuka na nini? Ameongeza upole au amepunguza? Kinachomsumbua dhamiri akiache, ila asimtwishe mwenzake bila kumsikiliza.”

“Basi yule binti alinyanyuka na nini?”

Mchungaji akageuza nyundo mkononi. “Sikumuuliza. Uliniletea habari imeshaiva, nami nikala.”

“Niliipika mimi,” fundi akasema.

“Mpishi na mlaji, wote tuna mafuta midomoni. Nitakwenda kwake. Lakini akina mama ni wako.”

Alhamisi ikafika. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki kwa duara, na benchi lile mahali pake. Binti aliketi mkoba mapajani. Msusi, mama yake, alikuwa kwenye duara, akitazama vidole vyake. Wimbo ulipokwisha Mama Tochi akasimama, na wale wenye kawaida ya kusinzia wakajiweka sawa.

“Leo namshitaki mtu,” akasema. “Ni mimi.”

Akaeleza bila kulia. Aliogopa akilia watamhurumia kama walivyomhurumia siku ile. Alipofika kwenye “Asante, bibi,” kicheko kikamponyoka mkunga, mama mzito mwenye sauti ya ngoma.

“Mama Tochi na gemu! Umefika ngapi?”

“Mia nne na kumi na mbili.”

“Mungu wangu, mimi nimekwama themanini!”

Ukumbi ukaangua kicheko, mkunga akaziba mdomo kwa kanga, amechelewa. Kumbe walikuwapo wengine watatu wanaoucheza. Wakatazamana kama walioshikwa jikoni na minofu.

“Basi yaishe,” mkunga akasema, akijipepea. “Hukujua, mama yetu. Umesema mwenyewe, umesamehewa. Tuendelee na zamu za kufua.”

“Amina,” wakaitikia.

Ilikuwa rahisi hivyo. Pumzi moja. Mama Tochi alibaki amesimama, na aibu aliyokuja nayo ikawa ndogo mbele ya ile iliyompanda sasa.

“Na yule?” akauliza, akinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

Hakuna aliyegeuka. Mmoja akasema taratibu, “Lile la yule lilikuwa lingine. Yeye alijua.”

“Ndiyo, alijua. Alijua mchawi ni adui, akaniambia hivyo kwa kinywa chake, nami sikuwaletea ninyi neno hilo. Nililiacha kule kule mkekani. Mchawi wangu mimi nilimshukuru. Yeye miezi minane, mimi hata sijakaa.”

Msusi akainua uso kwa mara ya kwanza.

Mama Tochi akatoka kwenye duara. Ukumbi si mkubwa, hatua kama kumi na tano, lakini siku ile zilikuwa nyingi kuliko zile mia nne. Akaketi benchini. Mbao zilikuwa baridi, na kutoka pale, akaona, huoni nyuso. Unaona migongo tu. Hakuwahi kulijua hilo.

Akavua futi shingoni, akahangaika na fundo, akaufungua ufunguo.

“Mwanangu, nilikukosea. Kabati ni lako. Watoto ni wako. Rudi.”

Binti aliutazama ufunguo kwenye kiganja kile chenye alama za sindano. Alipozungumza, hakupandisha sauti.

“Mama, nikuulize kitu kimoja. Mtoto wa fundi viatu alikuwa akinikimbilia barabarani, ananishika mkono. Siku hizi akiniona anavuka upande wa pili. Watoto waliambiwa nini?”

Duara zima lilikuwa limegeuka sasa. Mama Tochi alijua angeweza kusema hakumbuki. Mtu wa umri wake husahau, na wangemwitikia amina nyingine.

“Niliwaambia mwalimu wenu anacheza na pepo,” akasema. “Niliwaambia wakikuona wasikupe mkono.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe. Halafu nikawagawia karatasi wachore.”

Binti akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu muda mrefu na sasa amekiona kilipo. Akauchukua ufunguo. Akaushika kitambo, akiupapasa meno kwa kidole gumba, na msusi kule kwenye duara akainuka nusu kwenye kiti chake. Kisha binti akauweka kwenye mbao, katikati yao wawili, kwa utaratibu, usitoe hata mlio.

Akatundika mkoba begani, akafungua mlango, akatoka.