Mji Uliooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Kompyuta ya ofisi ile ilijenga mji kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Unaipa kanuni zako, upana wa barabara, urefu wa nyumba, mti mmoja kila baada ya hatua ishirini, kisha unakaa. Ukirudisha kikombe mezani, nyumba elfu nne zimeshasimama kwenye skrini, zimenyooka kama askari wa gwaride. Siku ya kwanza ofisi nzima ilipiga makofi. Mwanamke mmoja tu hakupiga, kwa sababu alijua kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Walimwita Fundi Nyufa. Mwanzoni jina lilikuwa la kumcheka, eti mtu mzima na akili zake anashinda anachora nyufa kwenye nyumba mpya, lakini yeye alilipokea kwa mikono miwili na kulibandika juu ya meza yake. Kwa miezi minane aliupitia mji ule mtaa kwa mtaa. Chini ya bomba la maji ya mvua alitia doa la kijani. Kwenye kona ambazo malori hupinda kwa pupa, alivunja ukingo wa barabara. Katikati ya bustani alichora kijia chembamba cha majani yaliyokanyagwa, maana hakuna binadamu anayezunguka bustani nzima wakati ng'ambo anaiona. Na usimguse kwenye takataka. Hakuzimwaga ovyo hata siku moja. Kila karatasi na kila jani lilikuwa pale ambapo upepo ungeliacha.

Ukimuuliza mambo hayo alijifunza wapi, alijibu kwamba mama yake alikuwa mtumishi wa manispaa, basi, akakuacha wewe mwenyewe umkalishe huyo mama nyuma ya meza na mafaili.

Meneja wao hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Tatizo lake alipenda vitu ving'ae. Jumatatu alimwita Fundi Nyufa akamweleza kwa upole kwamba mteja anakuja Alhamisi. Akiridhika na mji kama kompyuta inavyoutoa, meza ya nyufa itafungwa, naye atahamia mapokezi kupokea simu. Upole ule ulimuuma kuliko matusi. Miezi minane ya macho na mgongo, halafu mtu akuambie ukapokee simu!

Mteja mwenyewe alikuwa chuo cha madereva wa magari ya wagonjwa. Walitaka mji wa kwenye skrini ili wanafunzi wapige king'ora na kukata kona bila kumgonga mtu. Alhamisi asubuhi akaja dereva wao mkuu, mzee aliyekula miaka thelathini barabarani, mpole wa maneno, mzito wa kukaa. Akawekwa kwenye kiti chenye usukani, skrini tatu mbele yake. Fundi Nyufa alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani.

Mji ukafunguka. Ulikuwa mweupe peee. Ukingo uliovunjika umepona, madoa yamefutika, kijia cha bustanini kimeota majani. Meneja alikuwa ameizima kazi yote ya Fundi Nyufa jana jioni, kama mtu anavyofagia sebule kwa sababu wageni wanakuja. Tena alimgeukia akitabasamu, akitegemea kushukuriwa.

Meneja akatangaza zoezi: mgonjwa yuko barabara ya saba, nyumba ya kumi na mbili, dakika nne. Mzee akaondoka vizuri, king'ora kinalia. Akapinda kulia, akapinda kushoto, akarudi. Kona zote zilikuwa kona ileile. Mara ya tatu alipopita bustanini alipunguza mwendo, akanyoosha shingo, akauliza kama hapa hajapita. Dakika ya nne skrini ikawa nyekundu, maana yake mgonjwa amekufa.

Mzee alivua miwani akaifuta taratibu. Alisema kwamba katika miaka thelathini hakuna mtu mwenye mgonjwa ndani aliyewahi kumtajia namba ya nyumba. Watu huelekeza kwa wanachokiona, na hapa hakuna cha kuonwa. Halafu akamtazama meneja.

"Mji huu hajawahi kuishi mtu," alisema.

Meneja alianza kueleza habari za kanuni na kasi ya kompyuta, jasho linamtoka. Hapo Fundi Nyufa akasimama. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na huyu mgeni alikuja na dawa yake. Hakuomba ruhusa. Alikwenda kwenye kompyuta, akairudisha kazi yake kwa kubonyeza mara mbili, akachukua kipaza sauti, na safari hii mwelekezaji akawa yeye, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

"Baba, nyoosha mpaka kwenye ukingo uliovunjika, pinda kushoto. Utaona kijia kimekata bustani, kifuate kwa macho, usiingie. Kinakotokea ndiyo mtaa wetu. Mlango wetu rangi imebabuka upande wa jua, na majani yamerundikana kwenye ngazi."

Mzee alifika kwa dakika mbili na nusu, na hakuuliza swali njiani.

Alipofika ndipo akauliza. Mbona majani yamerundikana kwenye ngazi za upande huu tu, upande wa pili hakuna hata moja? Fundi Nyufa alieleza kwamba upepo unashuka na mtaa ule mrefu, unagonga ukuta wa mwisho, unarudi na kila kitu, unakimwaga hapo. Ukifagia hapo asubuhi, saa nne pamejaa tena.

Mzee alicheka kwa raha. "Mwenye macho haambiwi tazama. Nani alikufundisha haya, mwanangu?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, la mtumishi wa manispaa. Alilimeza.

"Mama yangu. Alikuwa mfagiaji wa barabara."

Hakuinamisha kichwa. Akaendelea, kwamba siku za likizo alikuwa akimfuata na ndoo, na mama akimwonyesha kwa ncha ya ufagio kila mtaa unaficha nini na unamwaga wapi.

Mzee alisaini mkataba siku ileile, kwa sharti kwamba mtu asiuoshe mji ule tena. Meneja, muungwana alipobanwa, alimwomba Fundi Nyufa msamaha mbele ya wote. Meza ya nyufa haikufungwa, maana mtaa mwingine ulikuwa unangoja nyufa. Kisha meneja akamfungulia ukurasa wa mwisho wa mji, penye orodha ya waliojenga, aandike jina lake mwenyewe na aliweke popote apendapo.

Fundi Nyufa akaliweka juu kabisa, juu ya meneja na juu ya kompyuta. Aliandika: Mfagiaji wa barabara kwa miaka ishirini na saba. Chini yake, kwa herufi ndogo: na binti yake.