Ukurasa wa Kurukwa

Miaka miwili sasa Adelina alikuwa akiota ziwa ambalo hajawahi kulitia machoni. Halikuwa Ziwa Viktoria la kwao Bukoba. Hilo angelijua hata usingizini, kwa harufu ya dagaa. Hili lilikuwa baridi na kimya, limezungukwa na misonobari, na watu wake walitembea juu ya barafu bila haraka, wakivuta nyavu kutoka kwenye matundu. Akiamka kwake Husby, Uswidi, alijikuta miguu imepoa, na Deo, mumewe, akimcheka.

"Umerudi Kanada? Na hukuniletea hata samaki mmoja."

Ziwa hilo alikuwa amelipata kazini. Adelina alikuwa mhudumu wa wazee majumbani, na mzee wake wa asubuhi aliitwa Isak, mwenye miaka themanini na minane, aliyeishi peke yake Farsta, mtaa mwingine wa mji huo, na macho yamezimika kabisa. Wahudumu wenzake walimwita Isak tu, kama Waswidi wanavyoitana. Adelina ulimi uligoma. Alimwita Mzee Isak, na mwenyewe akalizoea neno hilo mpaka akawa anajitambulisha nalo kwenye simu.

Kila siku baada ya uji, Adelina alimsomea kijitabu cha babu yake mzee huyo. Babu huyo alikwenda Kanada akiwa kijana, akawa karani wa duka la ngozi huko kaskazini, na kila alichokiona alikiandika kwa Kiswidi. Aliandika ngoma, mahema, samaki waliokaushwa kwa moshi. Aliandika pia siku ambayo wajumbe wa serikali walifika kando ya ziwa kufanya mkataba na wenyeji, naye akatia saini kama shahidi.

Ukurasa wa siku ile Adelina aliusoma mara moja tu. Mzee Isak aliweka kijiko chini.

"Ukifika hapo tena, ruka," alisema.

Tangu hapo akawa anaruka. Dhamiri ilimsuta kwa aliyoyasoma pale, lakini kazini walikwisha kumwambia wazi kwamba mambo ya mteja ni ya mteja, na kazi yenyewe Adelina alikuwa anaihitaji. Basi akameza maneno yake, na usiku ziwa likamjia.

Halafu ikaja barua. Mzee alikuwa amekiazimisha kijitabu kwa maonyesho ya maktaba ya mtaa, mtu akapiga picha jalada lake lenye jina la ziwa, na picha hiyo ikasafiri mpaka kwa wenye ziwa. Aliyeandika aliitwa Natalie, chifu wao. Kampuni moja ilitaka kuchimba madini chini ya maji yao. Wazee wao walisema kwamba siku ya mkataba waliahidiwa ziwa halitaguswa. Upande wa serikali ulijibu kwamba karatasi haisemi hivyo. Mazungumzo yalikuwa mwezi uliofuata, na Natalie alitafuta maandishi ya yeyote aliyesikia kwa masikio yake siku ile. Wakiyakosa hayo, ziwa limekwenda.

Mzee Isak alikubali kwa furaha waje kukisikia kijitabu, maana wageni hakuwa nao.

"Tutawasomea zile kurasa nzuri," alimwambia Adelina siku yao ya kufika, huku akifungwa tai. "Ule tuuache ulale."

Adelina alikasirika, tena sana, ila alikaza fundo la tai.

Walifika asubuhi yenye ukungu, Natalie na shangazi yake Adrienne, bibi mfupi aliyeingia kwa hatua za kupima sakafu. Natalie alichaguliwa kwa kura, na serikali ilimtambua yeye. Nyumbani kwao, hata hivyo, watu waliwasikiliza wanaokumbuka, kwa hiyo chifu hakuvuka bahari bila shangazi.

Walikaa, wakanyamaza. Adelina akawapenda papo hapo. Kwao Bukoba pia mgeni hakurupuki na kilichomleta. Hukaa kwanza, akapewa buni za kutafuna. Ukungu ulikuwa umefika dirishani na kulifunika ziwa la Farsta lote, na Adelina, ambaye hakuwa amelala wala kusinzia, alikuwa na hakika kwamba ungeondoka pangebaki lile lingine, na watu na nyavu zao.

Adrienne alitoa kifurushi cha kitambaa chekundu akamnyooshea mzee. Mzee hakuona. Mkono wa bibi ukabaki hewani. Kwa malezi ya Adelina lile lilikuwa jambo lisilovumilika, mkono wa mgeni kuning'inia hivyo. Akainuka, akapiga goti kidogo, akakipokea kwa mikono miwili, kama binti wa nyumba anavyompokelea baba yake.

Adrienne akamtazama kwa muda, akasema neno kwa lugha yake.

"Hiyo ni tumbaku," Natalie alieleza kwa Kiingereza. "Kwetu anayeipokea amekubali kujibu, na kujibu kweli. Shangazi anasema basi atakuuliza wewe."

"Hapana, nilimpokelea mzee."

"Unaweza kuirudisha. Ila hapo utakuwa umekataa."

Kazi yake, mzee wake, kodi ya Husby, vyote vilimpita Adelina kichwani. Kifurushi kilikuwa chepesi mno. Adrienne akauliza, na Natalie akatafsiri: "Siku ile, kuhusu ziwa, walisema nini?"

Adelina akafungua kijitabu. Mzee Isak alisikia kurasa zikipinduka, akajua zimefika wapi.

"Ruka," alisema kwa sauti ndogo.

"Mzee Isak, nimekwisha kupokea."

Akasoma, kwanza kwa Kiswidi, kisha kwa Kiingereza chake cha shule.

"Mjumbe alisema, na mkalimani akarudia: ziwa hatulichukui, samaki wake ni wenu na wa wajukuu wenu. Wazee waliuliza mara tatu, naye alijibu hivyo mara tatu. Ndipo wakakubali. Jioni nilisoma karatasi ambayo nilikwisha kuitia saini. Ziwa halimo. Sikusema kitu, kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani."

Natalie alimtafsiria shangazi yake akisitasita. Adrienne akacheka kidogo, kisha akalia.

"Mara tatu," alisema. "Bibi yangu alisema hivyo maisha yake yote, na wakubwa wakamwambia anatia chumvi."

Mzee Isak alikuwa ameinamisha kichwa. "Babu ndiye aliyenifundisha kuogelea," alisema. "Sikutaka mtu mwingine amjue hivyo."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomwuma. Akauliza wanataka nini. Natalie alitoa karatasi moja, akaisoma, Adelina akatafsiri: kijitabu kinakwenda nao kwa mazungumzo, na baadaye kinakaa kando ya ziwa. Mzee akaitika. Akapewa kalamu.

Alipapasa karatasi kwa vidole. Ilikuwa laini kila mahali.

"Nitajuaje kwamba ndivyo ilivyoandikwa?" aliuliza.

Natalie akaangalia chini. Polepole mzee akasikia swali lake mwenyewe. Vidole vikasimama juu ya karatasi.

"Kumbe wale wazee walikaa hivi mbele ya karatasi," alisema.

Adrienne alipoelezwa, alitikisa kichwa kukubali.

"Adelina," mzee alisema. "Wameandika walichosema?"

Adelina aliichukua karatasi akaisoma tena kuanzia juu, neno kwa neno, pamoja na mistari midogo ya chini, na alipomaliza akairudia.

"Wameandika walichosema."

Akamshika mkono, akamwekea kalamu kwenye mstari, na mzee akaandika jina lake.