Mguu Usiosikia

Mtaa mzima ulimwita Spana, na binti yake, mshona viti vya magari, hakuwa na jina jingine ila Binti Spana. Baba na mwana walilijenga gari la spoti kwa mikono yao, katika banda la nyuma ya nyumba: fremu ya mabomba, injini ya gari lililopata ajali, viti alivyovishona binti mwenyewe. Kukimbia lilikimbia. Kusimama ndiko kulikokuwa na maneno.

Siku hiyo walilipeleka kwenye uwanja wa saruji, mbele ya maghala yaliyofungwa. Spana alipokanyaga breki, magurudumu ya nyuma yaliganda kabla ya ya mbele, mkia ukachapa upande, gari likageuka likatazama lilikotoka. Binti akajikunja chini ya usukani, akazungusha kifimbo kinachogawa nguvu ya mguu kati ya breki: za mbele akaziongezea, za nyuma akazipunguzia.

"Bado," baba alisema baada ya kujaribu. "Pedali imekufa. Sipati kitu mguuni."

Akazungusha tena. Bado. Akarudisha kidogo. Bado. Mara baba apitilize mpaka karibu na ukuta, mara agandishe magurudumu yote kwa mpigo.

"Shuka, baba. Nijaribu mimi."

Hakupenda, ila alishuka. Binti akashika kasi, akakanyaga. Gari liliinamisha pua, likasimama limenyooka kama uzi. Akarudia. Vilevile. Pedali ilikuwa hai chini ya unyayo wake. Badala ya kufurahi, akageuka kuitazama miguu ya baba yake.

Baba alikuwa anamjia, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeloa.

"Kiatu kina nini hicho?"

"Maji ya rejeta."

Hayakuwa maji. Alimketisha kwenye kizingiti cha ghala, akamvua kiatu, nati ikadondoka. Ilikuwa imeuchimba unyayo mpaka nyama, na mwenye mguu hana habari.

"Baba, haikuumi?"

Spana aliutazama mguu kama wa jirani. "Daktari alisema ganzi ya sukari itaanzia huko chini. Nikamwona ana maneno mengi."

"Lini?"

"Tulipokuwa tunafunga injini."

"Na ukaniendesha barabarani, ukijua?"

"Nilidhani ni breki." "Nilitaka iwe breki, mwanangu."

Binti akaufunga mguu kwa kitambaa safi, akamwegemeza begani mpaka kwenye kiti cha abiria.

"Usimwambie mama yako."

"Nitamwambia leo hii. Kwanza zahanati."

Aliendesha polepole. Kila walipokaribia kona, baba aliusukuma ule mguu wenye kitambaa sakafuni, akikanyaga breki isiyokuwepo, na damu ikazidi kupenya.

"Acha, baba. Unajiumiza."

"Siumii," alisema, akageuza uso dirishani.