Jora Halikatwi Leo

Miaka kumi na tisa nakata kitambaa katika karakana ile, halafu Bosi Mdogo aje aniambie nina utamaduni wa kesho. Mimi!

Ilikuwa asubuhi, majora ya kitambaa cha fulana yamefika. Kama kawaida nikayakunjua, nikayalaza mezani yajirudi kwanza, ili niyakate kesho yake. Bosi Mdogo, aliyeirithi karakana kwa marehemu babake, akasimama mlangoni.

"Mbona hukati?"

"Kitambaa kinapumzika, bosi."

Akacheka. Mbele ya mafundi wote, akacheka. "Jamani, mimi sina ubaguzi, mnanijua. Sisemi rangi yenu, nasema utamaduni wenu. Watu wenu kila kitu kesho. Kata leo, la sivyo meza nampa mwingine."

Pale ndani sote tulikuwa wa rangi moja isipokuwa yeye. Mashine zikanyamaza.

Shoga yangu wa mashine ya vifungo akaninong'oneza, "Yameze tu, dada. Na wewe si hutusema kila siku kwa kuchelewa?"

Kweli, nawasema. Kikao cha ukoo cha saa nane kikianza saa kumi nawapasha bila haya, hadi mashemeji wananiita King'ora. Lakini mimi huuliza nani kachelewa, na kwa nini. Huyu hakuniuliza hata neno moja!

Nikakata. Meza ile ndiyo inayolisha nyumba yangu, ningefanyaje?

Siku ya tatu fulana zilizoshonwa zikawa zimejirudi, fupi, zimebana kifua. Bosi Mdogo akaja anafoka. "Ndiyo haya ninayosema! Watu wenu hamna umakini!"

Hapo nikalipuka. Nikamshika mkono, bosi mzima, nikampeleka ukutani nyuma ya meza yangu. Nikaing'oa kalenda aliyoitundika mwenyewe. Chini yake kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: *Jora likunjuliwe, lilale siku nzima, ndipo likatwe.*

"Mwandiko huo unaujua?"

Akausoma mara mbili. Ulikuwa wa babake, aliyenifundisha kazi.

"Mzee alikuwa mtu makini sana," akasema polepole.

"Eti makini! Baba yako akilaza kitambaa ni umakini, nikikilaza mimi ni utamaduni wa watu wangu? Kosoa ninavyokata, nitakusikiliza hadi jioni. Ukoo wangu umeingiaje hapa?"

"Basi, yaishe. Rudi kazini."

"Hayaishi. Ulinidhalilisha mbele ya hawa, niombe radhi mbele ya hawa."

Akatazama huku na huku. "Samahani, kama umejisikia vibaya."

Kama! Nikavua aproni, nikachukua mkasi wangu, nikaelekea mlangoni.

Nyuma yangu nikamsikia akimwita shoga yangu. "Wewe, njoo ushike meza. Anza na lile jora lililofika leo."

Nikamsikia shoga yangu akikokota viatu hadi mezani.

"Hili halikatwi leo, bosi," akasema.